Tunakunja pua mahali pasipo

Januari 2015, huko Chitima, mji mdogo wa mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walitoka mazikoni wakanywa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwa unga wa mahindi. Siku chache baadaye waliokufa walikuwa 75, na wengine zaidi ya mia walikuwa wameugua. Misiba haijatanguka, jibu lilikuwa limeshapatikana vijiweni na kwenye vyombo vya habari vya dunia: nyongo ya mamba. Kuna mtu katia nyongo ya mamba kwenye pipa. Imani hiyo ni ya siku nyingi katika ukanda wa Zambezi, na hata aliyeisikia kwa mara ya kwanza akiwa mbali hakupata shida kuiamini, kwa sababu inakaa vizuri na picha tuliyonayo ya pombe za kienyeji. Pipa chafu, povu la kijivu, na kitu kisichotajika kimetumbukizwa usiku.

Maabara zilipopima, nyongo haikuwa kisa. Kilichopatikana ni asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na mshukiwa mkuu akawa unga wa mahindi ulioharibiwa na mafuriko. Sumu hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha, na moto wa jikoni hauiondoi. Mama aliyeipika pombe ile alikuwa miongoni mwa waliokufa. Indonesia wanaijua sumu hii tangu enzi za Waholanzi, kwa kuwa iliwaua watu wengi waliokula tempe, chakula cha kuchachua, iliyotengenezwa kwa machicha ya nazi.

Huo ndio msimamo wangu katika makala haya, na nitautetea kwa mifano ya hapa kwetu na ya majirani: kinyaa tunachokiona kwa vitu vya kuchachua kinatazama upande usio na hatari. Kinatazama miguu, povu, ukungu, inzi, harufu. Hatari mara nyingi imekaa kwenye unga, kwenye maji, na kwenye haraka ya muuzaji, na hivyo vitatu havitii mtu kichefuchefu.

Tuanze na miguu.

Rubisi, pombe ya ndizi ya Kagera, haifichi kitu. Ndizi zilizoivishwa shimoni au juu ya jiko zinamenywa na kumwagwa kwenye mtumbwi wa gogo lililochongwa. Juu yake hutupwa manyasi. Wanaume wanaingia miguu mitupu na kukanyaga, wanageuza, wanakanyaga tena, mpaka ndizi na nyasi vinakuwa donge moja linalotoa maji. Maji hayo ni omuramba, matamu kiasi cha kukwaruza koo, na watoto wa jirani huwa wameshajipanga na vikombe. Yanayobaki huongezwa maji, hunyunyiziwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya migomba, na kesho yake pombe ipo. Mgeni akiona vidole vya miguu vinazama kwenye rojo la njano huku nyuki na inzi wamejaa kingoni, anaapa kwamba hataonja.

Mgeni huyo huyo akienda kaskazini mwa Ureno, kwenye bonde la mto Douro, atakuta mvinyo wa Port wa daraja la juu bado unakanyagwa kwa miguu ndani ya matangi ya mawe. Hapo miguu inatangazwa. Inaandikwa kwenye vipeperushi kuwa ni sababu ya ubora, na kuna watalii wanaolipa ili waruhusiwe kuingia na kukanyaga. Sijui nani alituambia kwamba mguu wa Mreno una dawa.

Miguu yote hiyo inajibiwa na kitu kimoja. Sukari ya ndizi na ya zabibu inaliwa na hamira, kilevi kinapanda, bakteria wa asidi ya maziwa na wa siki wanaleta ukali, na muda si mrefu kioevu kile kinakuwa mahali pabaya pa kuishi kwa vijidudu vingi vinavyotuendesha matumbo. Vingi, si vyote. Ndiyo maana swali la maana kuhusu rubisi ni lile ambalo wenye kinyaa hawaulizi: maji yaliyoongezwa baada ya kukanyaga yametoka wapi? Mguu unaweza kuoshwa kwa sabuni mbele yako. Maji ya dimbwini yakiwa kwenye ndoo safi yanaonekana kama maji.

Kuna kinyaa kingine kikali zaidi, cha mate. Watu wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, walikuwa na njia ya kutengeneza chicha kwa kutafuna mahindi na kuyatema chunguni, na kwenye misitu ya Amazon wapo wanaofanya hivyo kwa muhogo mpaka leo. Ukimsimulia mtu wa Moshi habari hiyo atatema chini. Lakini mate yana kazi: yanavunja wanga kuwa sukari, kwa kuwa hamira haiwezi kula wanga wenyewe. Mchaga anafanya kazi hiyo hiyo kwa kimea. Ulezi unalowekwa, unafunikwa, unaota vijimizizi vyeupe na kutoa harufu ya majani mabichi yaliyolundikwa, kisha unaanikwa na kusagwa. Mbegu inapoota inatengeneza yenyewe vimeng'enya vya kuvunja wanga wake. Baadaye unapikwa uji, unakutana na ndizi zilizochemshwa mpaka zikawa nyekundu na kuachwa siku kadhaa zichachuke, na ganda la mti wa msesewe linatiwa kwa ajili ya uchungu. Hiyo ndiyo mbege. Kimea cha shayiri kinachopokelewa kwa magunia kwenye viwanda vya bia nacho ni mbegu iliyooteshwa hivyo hivyo. Chicha ya siku hizi ya mijini Peru na yenyewe kwa kawaida hutumia mahindi ya kimea. Tofauti ya mate na kimea ni ya adabu, kikemia zinafanya jambo moja.

Ila mfano wangu mkubwa si wa pombe. Ni wa muhogo, na hapa naomba tukae kidogo.

Ukipita vijiji vingi vya Kigoma wakati wa kuvundika muhogo, pua inakuarifu kabla ya macho. Muhogo mchungu umelowekwa kijitoni au kwenye madimbwi, umekaa siku tatu, nne, maji yamekuwa na utando, mapovu yanapanda, na harufu inakaa kwenye nguo. Mama anaingiza mkono, anaminya mzizi, na kama haujalainika anaurudisha. Ukilainika unatolewa, unavunjwavunjwa, nyuzi za katikati zinavutwa, unaanikwa juani. Kanda ya Ziwa wana udaga: muhogo unalundikwa na kufunikwa mpaka unaota ukungu, mweusi au wa rangi ya chungwa, kisha ukungu unakwanguliwa na muhogo unaanikwa. Ugali wake una rangi ya kijivu na harufu inayowagawa watu vikundi viwili, wanaoupenda na wasiotaka hata kuusikia. Wapo vijana wa mjini waliolelewa na ugali huo ambao leo hawawezi kuukiri mbele ya wenzao wa ofisini.

Sasa tazama kinachotokea majini. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, inayogeuka kuwa sumu ya sianidi. Ndani ya mzizi huo huo kuna kimeng'enya cha kuivunja, lakini viwili hivyo vimetengwa, kila kimoja na chumba chake ndani ya seli. Bakteria wa kwenye maji wanapoulainisha mzizi wanabomoa kuta hizo. Linamarini inakutana na kimeng'enya chake, sianidi inaachiwa, nyingine inaondoka na maji, nyingine inaondoka na hewa wakati wa kuanika. Kwa hiyo ule ulaini unaotafutwa na vidole vya mama ni kipimo. Harufu ile ni taarifa kwamba kuta zinabomoka. Muhogo mchungu unaotoka majini ukiwa mweupe, mgumu na usionuka ndio wa kuogopwa.

Huu si ubishi wa kinadharia. Nchini Kongo, mkoa wa zamani wa Bandundu, kuna ugonjwa uitwao konzo, ulioandikwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huo walikuta jambo la biashara nyuma yake. Barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipopatikana, muhogo ukawa na soko la haraka, na wanawake waliokuwa wakiuloweka siku tatu wakaanza kuutoa baada ya siku moja au mbili ili gari lisiwaache. Kazi ya kunuka ilipunguzwa. Ugonjwa ukaja. Umaskini wa mboga nao una mkono wake hapo, maana mwili unahitaji protini yenye salfa ili kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, na mlo wa muhogo mtupu hauna protini hiyo.

Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame, waliopooza walizidi elfu moja. Kwetu ni Tarime, mwaka 1985, ukame tena, njaa tena, watu wakala muhogo mchungu bila kuuacha ukae muda wake. Katika visa vyote hivyo hakuna aliyeumizwa na utando, ukungu wala harufu. Waliumizwa na upungufu wa siku.

Ninapomsikia mtaalamu wa lishe aliyesomea mjini akisema muhogo wa kuvundika ni mabaki ya ushamba na kwamba ubadilishwe kwa "njia za usafi," namuuliza njia hizo zinaondoa sianidi kiasi gani. Zipo njia nyingine nzuri: kuukwangua muhogo ukiwa mbichi, kuulowanisha unga wake na kuutandaza kivulini saa kadhaa kabla ya kupika. Njia hizo zimepimwa na zinafaa. Lakini kumwambia mama aache kuvundika kwa sababu panatia kinyaa, bila kumpa njia mbadala, ni kumvua kinga.

Togwa nayo ilikaribia kupata hukumu ya namna hiyo. Uji mchachu, mzito, wenye chengachenga za kimea, unaokaa kwenye mtungi au ndoo siku mbili bila friji, kwa macho ya kliniki ni chakula kilicholala. Watafiti waliofanya kazi hapa Tanzania miaka ya 1990 waliwapa watoto walio chini ya miaka mitano togwa iliyochachuka vizuri, wakalinganisha na watoto waliokula uji wa kawaida, na kwenye kinyesi cha waliokunywa togwa wakakuta bakteria wa kuharisha kidogo zaidi. Ukali ule unaomfanya mtoto akunje uso ni asidi, na asidi ndiyo inayofanya kazi. Kimea nacho kina faida ya ziada. Kinaulegeza uji mzito kiasi kwamba mtoto anaweza kunywa unga mwingi kwenye kikombe kimoja bila kupaliwa. Uji mtamu uliopikwa asubuhi ukaachwa wazi jikoni mpaka saa kumi jioni unapendeza macho na ni hatari zaidi kuliko togwa ya juzi.

Kinachonishangaza ni jinsi kinyaa chetu kinavyokatika ghafla mara kazi inapohamia mahali tusipopaona. Kakao ya Kyela inavunwa, matunda yanapasuliwa, mbegu zinatolewa zikiwa na ute mweupe, zinarundikwa kwenye masanduku ya mbao au kufunikwa kwa majani ya migomba, na kuachwa karibu wiki nzima. Rundo linapata joto linalofika nyuzi 45 na zaidi. Linatoa ute, linanuka siki, vijiinzi vinaelea juu yake kama moshi, na kila baada ya siku moja au mbili mtu anafunua na kugeuza. Bila hatua hiyo hakuna ladha ya chokoleti duniani, kwa sababu ladha ile inaanza kutengenezwa humo kwenye rundo, mbegu inapokufa na protini zake kuvunjwa. Kahawa ya mlimani inayooshwa nayo inakaa kwenye matangi usiku kucha au siku mbili, ute wake ukioza mpaka uachane na punje. Nenda karibu na mtambo wa kumenyea kahawa msimu wa mavuno, simama upande upepo unakotokea tangini. Halafu fikiria bei ya kikombe kimoja mjini.

Mpenzi wa bia baridi naye asijitoe. Ndani ya tangi la chuma kuna tope la hamira na povu la kahawia lisilo na uzuri wowote, na kwa miaka mingi Uingereza na Ireland bia zilisafishwa kwa kitu kilichotengenezwa kutokana na mabondo, vibofu vya hewa vya samaki, vya namna ile inayokatwa kwenye sangara wa Ziwa Victoria. Guinness walikuja kuachana nayo miaka ya karibuni tu. Mnywaji hakuwahi kukunja pua, kwa sababu alichokiona ni glasi.

Ndiyo maana nasema kinyaa hiki kina tabaka. Mtengenezaji akiwa mwanamke mwenye kanga kiunoni, anayekoroga pipa kwa mwiko mrefu uani kwake, kila kitu chake kinakaguliwa kwa jicho. Akiwa na koti jeupe na ukuta mrefu, hakaguliwi na mnywaji hata kidogo. Nairobi ina historia fupi na ya wazi ya jambo hili. Wanawake wa mitaa ya Waafrika walipika pombe na kuiuza, wakakamatwa, pombe yao ikamwagwa, ikiitwa chafu na ya kuharibu nguvu kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ikajichukulia haki ya kuipika na kuiuza yenyewe kwenye ukumbi wake, fedha zikaingia kwenye mfuko wa manispaa. Ilikuwa pombe ile ile ya nafaka, yenye machicha yale yale na ukali ule ule. Kilichobadilika ni nani anashika kata na nani anapokea senti. Bia ya chupa Mwafrika wa Kenya alikuja kuruhusiwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na hapo ikawa alama ya ustaarabu. Watoto na wajukuu wa waliokatazwa ndio leo wanaoicheka busaa, pombe ile ya nafaka.

Najua hoja itakayokuja: kinyaa kimetulinda tangu zamani, nyama iliyooza inanuka ili tusiile. Kweli. Pua ni mlinzi mzuri wa nyama, samaki na mayai. Lakini kuchachua ni kazi ya kuuongoza uozo, kuuchagua na kuuwekea muda, na pua isiyofundishwa haijui kutofautisha harufu ya uchachu ulio sawa na ya kitu kilichoharibika. Iliyofundishwa inajua. Mpishi mzoefu wa mbege anafunua pipa na kusema "hii imeharibika" kabla hujaona chochote. Waswidi wana samaki wa kopo, surströmming, ambao hufunguliwa nje ya nyumba kwa uvundo wake, na Sardinia wana jibini lenye mabuu. Sina hamu na hivyo vyote viwili, wala sitajidai ninayo. Ila sitasema ni sumu kwa sababu tu mimi nimeshindwa.

Upande wa pili wa hoja yangu ni mgumu kwa wanaopenda vya asili, na haufai kurukwa. Kama uchafu wa kuonekana si ushahidi wa hatari, basi uasilia nao si ushahidi wa usalama. Mursik ya Wakalenjin inapendwa, na inastahili. Kibuyu kinasafishwa kwa ufagio mwembamba uitwao sosiot, kinapakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet mpaka kuta zinakuwa nyeusi, maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanamiminwa humo, na siku kadhaa baadaye yanatoka mazito, ya rangi ya kijivu kinachoelekea bluu, na vumbi la mkaa ndani yake. Wanariadha wa Kenya wakirudi na medali wanapokewa uwanja wa ndege kwa kunyweshwa kibuyuni mbele ya kamera. Mgeni anashangaa masizi. Watafiti hawakushangazwa na masizi. Mwaka 2013 walichapisha vipimo vilivyoonyesha asetaldehidi kwenye mursik, kemikali inayohusishwa na saratani, katika eneo la Bonde la Ufa ambako saratani ya umio imekuwa tatizo kubwa. Vipimo hivyo havisemi kwamba mursik ndiyo inayoleta saratani hiyo. Kuna chai inayonywewa ikiwa ya moto mno, tumbaku, na pombe kali, vyote vinashukiwa. Lakini kilichopimwa hapo hakionekani kwa macho, na wala heshima ya mila haikiondoi. Kazi iliyobaki ni ya maabara na ya wapishi wenyewe: ni kibuyu gani, siku ngapi, vijidudu gani.

Mahindi yaliyoota kuvu ni kosa jingine tunalolifumbia macho kwa jina la kutotupa chakula. Nafaka ikiharibika ghalani, kauli ya kawaida ni "pelekeni kwenye pombe." Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Ile ilikuwa mlo wa kawaida, haikuwa pombe, lakini sumu yenyewe haivunjiki kwa kuchemsha, na kuchachua hakuaminiki kuimaliza. Mpishi anayepokea gunia la mahindi mabovu kwa bei ya kutupa anapika pombe yenye rangi nzuri, povu zuri na harufu ya kawaida kabisa.

Na gongo? Na chang'aa? Hapo ndipo usafi wa macho unapodanganya kuliko pote. Baada ya povu lote na machicha yote, mvuke unapita kwenye bomba na kutoka kioevu cheupe kama maji ya chupa. Novemba 2000 kwenye mitaa duni ya Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyoitwa kumi kumi. Iliyowaua ni methanoli, kilevi chenye sumu. Kuchachua matunda na nafaka kunatoa methanoli kidogo, na vifo vya mkupuo kwa kawaida vinatokana na methanoli ya viwandani inayoongezwa na muuzaji ili mzigo uwe mwingi na mkali. Wahenga wa pwani walishalisema la mgema na tembo lake linalotiwa maji akisifiwa, na wao walikuwa na bahati kwamba kilichoongezwa kilikuwa maji. Mnazi wenyewe, pamoja na nyuki waliozama kibuyuni na vipande vya karara vinavyochujwa kwa mrija, ukiletwa kutoka juu ya mti na kunywewa siku hiyo hiyo, una mambo machache ya kuficha kuliko kiroba cha plastiki cha pombe kali kilichopigwa marufuku Tanzania Machi 2017.

Kwa hiyo mkaguzi wa afya akiingia kilabuni leo anaangalia nini? Mara nyingi nimeona orodha inayoanza na sakafu, ukuta, choo na vyombo. Choo ni muhimu, sikatai, hasa pale ambapo mikono ile ile inashika kata. Lakini sakafu ya udongo haijawahi kumpofusha mtu. Ningependa orodha ianze na gunia. Nafaka imenunuliwa wapi, imekaa mahali pakavu, ina kuvu? Ifuate ndoo ya maji: ya kuongezea baada ya kupika, imechemshwa? Ifuate siku: imechachuka muda gani, na ukali wake umefika wapi? Karatasi ya kupimia asidi inatosha kulijibu la mwisho, na mama muuzaji anaweza kufundishwa kuitumia kama alivyofundishwa mizani. Mwisho ndiyo iulizwe nini kimeongezwa, na hapo sampuli iende maabara badala ya pipa kupinduliwa mbele ya umati na kupigwa picha.

Upinduaji wa mapipa una madhara yake. Mwanamke aliyemwagiwa mtaji wake mara mbili hajengi sakafu, anahamia korongoni. Anapika usiku, kwa maji ya karibu, kwa siku chache kuliko zinazotakiwa ili auze kabla hajafikiwa. Yaani tunamsukuma kufanya yale matatu yenye hatari ili atuondolee machoni yale yasiyo na hatari.

Watengenezaji wadogo wa chokoleti wa Ulaya na Marekani wameanza kuandika kwenye karatasi ya bidhaa zao kakao imetoka wilaya gani na imechachuliwa siku ngapi, na wateja wanalipa zaidi kwa kusoma hivyo. Rundo lile la Kyela lenye vijiinzi limekuwa sifa. Mbege ya Rombo na ulanzi wa Iringa, pombe ya mianzi, vinaweza kuuzwa kwa maelezo ya namna hiyo: ulezi wa msimu gani, maji ya chanzo gani, siku ngapi pipani, na jina la mama aliyepika. Kwa sasa mama huyo anafahamika zaidi kwa mgambo.